Samaki Mwenye Kitovu

Sakafu ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, haikauki. Alfajiri ile ilikuwa imelowa maji ya barafu na damu, madalali wamekwisha kupandisha sauti, na juu ya meza ya saruji, kati ya fungu la vibua na ndoo ya ngisi, walikuwa wamelazwa papa nyundo watano, kila mmoja dhiraa moja tu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Nilisimama kwa sababu ya vichwa. Kichwa cha papa nyundo hakizoeleki hata ukikiona mara mia: kimekingama juu ya mwili kama mzega wa mchota maji, na mahali pa ndoo yamekaa macho, moja huku na moja kule. Nikamgeuza mmoja chali. Tumbo lilikuwa jeupe, laini ukipapasa kuelekea mkiani, msasa ukikirudisha kiganja kichwani. Na hapo katikati ya mapezi ya kifuani palikuwa na kijipasuo chembamba, si kirefu kuliko ukucha wa mtoto, kingo zake nyekundu, hakijaziba. Mpaa samaki aliyekuwa akinoa kisu pembeni aliona nilipokazia macho. "Kitovu hicho, dada," akasema. "Kazaliwa juzi tu huyo." Dalali naye, bila kutugeukia, akanikumbusha kwamba wale ni fungu, hawauzwi mmoja mmoja.

Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba samaki anaweza kuwa na kitovu. Kwetu kitovu si kovu tu. Mtu akitaka kukuonyesha kwao hakuonyeshi hati ya kiwanja; hukuonyesha mti au kona ya ua na kukwambia hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu. Samaki wengi hawana cha kuzika. Changu humwaga mayai yake majini kwa maelfu, akaenda zake, na bahari ikayalea au ikayala. Papa nyundo hubeba mimba miezi tisa hadi kumi na miwili, na kila mtoto tumboni hulishwa kwa kamba na kondo, kama tulivyolishwa mimi na wewe. Huchukua zaidi ya miaka kumi kabla hajazaa mara ya kwanza. Siku zikitimia, mama husogea kwenye kina kifupi, ndani ya ghuba na kwenye milango ya mito, mahali ambapo papa wakubwa hawafiki sana, akawaacha wanawe hapo wakulie kwenye tope na uduvi. Ni pazuri pa kukulia mtoto. Ni hapohapo pia ambapo ngalawa hufika bila injini, nyavu zikategwa jioni na kuvutwa kabla ya jua kuchomoza.

Tangu siku ile kuna kitenzi kinachonizunguka kichwani: kula. Kiswahili kimekitwika kitenzi hiki mizigo mingi. Tunakula chakula na tunakula kiapo. Tunakula njama, tunakula hasara, tunakula rushwa. Mzee amekula chumvi nyingi, kutu inakula bati, bahari inakula fukwe. Fedha ya umma haiibwi, inaliwa. Na tulipotafuta jina la yule anayekula kupita wote, macho yetu yalikwenda baharini. Mwaka 2009 siasa za Tanzania zilijaa maneno "mafisadi papa", na upande wa pili ukajibu kwa kumtaja nyangumi. Jina likashika. Hadi leo mwizi mkubwa ni papa na mwizi mdogo ni dagaa, na mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuiona bahari anajua papa ni nani kabla hajajua papa ni nini. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na papa hakuwapo kwenye kikao hicho. Naomba nimsemee.

Papa wengi hawali kila siku. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba kilo 30 za mafuta ya nyangumi zingemtosha papa mweupe wa karibu tani moja kwa mwezi mmoja na nusu. Waliorudia hesabu hiyo mwaka 2013 walisema hapana, mnyama huyu anatumia nguvu nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na chakula hicho kingemfikisha wiki mbili hivi. Chukua hiyo hesabu ya pili, iliyo ndogo, uone bado ni mlaji wa namna gani. Utumbo wake ni mfupi, lakini ndani umezunguka kama ngazi ya mnara, ili chakula kishuke polepole na kisipotee kitu. Kikimkaa vibaya, baadhi ya papa hulitoa tumbo lenyewe kupitia kinywani, likapinduka nje ndani kama mfuko wa kanzu unaokung'utwa, likasuuzwa na maji ya chumvi, kisha likarudi mahali pake. Hata meno yale tunayoyaogopa hayakushikwa na mfupa, maana papa hana mfupa hata mmoja. Mwili mzima umebebwa na gegedu, ile iliyo kwenye sikio lako. Meno yamekaa safu nyuma ya safu, na la mbele likidondoka la nyuma husogea kushika nafasi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Mnyama aliyepewa akiba ya meno isiyokwisha angeweza kula bila kukoma. Akishiba, anaacha.

Na mtazame papa nyundo anavyotafuta riziki. Chini ya kile kichwa cha mzega kuna vitundu vidogo vingi, vimejaa ute mzito. Stefano Lorenzini, tabibu wa Italia, aliviandika mwaka 1678 bila kujua kazi yake, na ikabidi kusubiri hadi karne ya 20 ndipo ikafahamika kwamba vinahisi umeme. Kila kilicho hai hutoa umeme kidogo; moyo ukipiga, shavu la samaki likifunguka na kufunga, maji yaliyo karibu yanajua. Papa nyundo huogelea akigusana na mchanga, kichwa kikipunga kushoto na kulia, na anachokitafuta sana ni taa. Lugha yetu imempa jina moja samaki yule bapa anayejifukia mchangani na chombo kinachotuangazia usiku. Taa amejifunika, ametulia tuli, hakuna jicho litakalomwona. Lakini kwa papa nyundo anawaka. Hushuka, akambana kwa ubao wa kichwa, akageuka na kumng'ata ubawa. Nikiwaza hivyo, kile kichwa cha ajabu pale mezani hakinionekanii tena kama kosa la maumbile. Ni mkono unaopapasa gizani, na wale watano wa Feri walikuwa hawajapata muda wa kujifunza kuutumia.

Tumezoea kusema papa kana kwamba ni mmoja, ilhali aina zao zinapita mia tano na kila moja inakula kivyake. Kule Mafia, mbele ya Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi hufika potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye huogelea kinywa wazi akichuja uduvi na vijidudu visivyoonekana kwa urahisi. Wavuvi wa Kenya humwita papa shilingi, wakisimulia kwamba Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye akamrushia sarafu mgongoni, na madoa yale meupe ndiyo hizo sarafu. Ndugu mdogo wa papa nyundo, anayeishi pwani za Florida, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2018, hula nyasi bahari, akizisaga tumboni na kunenepa kwazo. Katika maji ya barafu ya Greenland kuna papa mzito, mwenda pole, ambaye kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 anaweza kuishi miaka 272 au zaidi. Huyo ndiye aliyekula chumvi kwa maana zote mbili. Huenda wapo wanaoogelea leo ambao walikuwa tayari baharini kabla Wareno hawajang'olewa Mombasa kwa mara ya mwisho, mwaka 1729 … na kama makadirio ya juu ni ya kweli, kabla hata jiwe la kwanza la Ngome Kongwe ya Unguja halijawekwa.

Yuko pia yule wa milia, ambaye hachagui. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, na huyu ni jaa la bahari: kasa, ndege, nyoka wa baharini, mizoga, na siku hizi bati na plastiki yetu. Ni tumbo la papa lililopata kutoa ushahidi mahakamani. Mwaka 1799, wakati Uingereza ikiwa vitani, jahazi la Kimarekani liitwalo Nancy lilikamatwa na Waingereza katika bahari ya Karibiani na kupelekwa Jamaica. Nahodha alikula kiapo kwamba karatasi alizoonyesha ndizo za kweli. Siku hizo hizo, chombo kingine cha Waingereza, Ferret, kilivua papa karibu na pwani ya Haiti, wakampasua, na tumboni wakakuta bunda la karatasi za Nancy, zile zilizotupwa baharini zisionekane. Kesi ikaamuliwa kwa karatasi hizo, nazo zimehifadhiwa Jamaica hadi leo. Nahodha alikula kiapo, papa akala karatasi, na kati ya walaji hao wawili aliyesema kweli ni papa.

Lakini kazi kubwa ya papa haiko kwenye kile anachokula. Magharibi mwa Australia kuna ghuba ambayo baharia Mwingereza William Dampier aliipa jina la papa mwaka 1699, Shark Bay. Chini ya maji yake kuna malisho ya nyasi bahari yenye ukubwa wa maelfu ya kilomita za mraba, na humo hulisha nguva na kasa, maelfu kwa maelfu. Mwanabiolojia Mike Heithaus alianza kufanya utafiti pale mwaka 1997, na yeye na wenzake wakaona jambo hili. Miezi ya joto, papa wa milia wanapokuwa wengi, nguva huyahama malisho mazuri ya kina kifupi, wakasogea pembeni karibu na kina kirefu, ambako nyasi ni chache lakini pa kukimbilia papo. Hawachimbi tena mizizi kwa pua, maana anayechimba huinua vumbi la mchanga lisilomwacha aone kinachokuja. Hukata majani ya juu tu, wakiwa macho. Kasa nao, wenye afya hukaa pembezoni. Anayeingia katikati, penye majani mateke na hatari, ni yule aliyekonda. Mwenye njaa hana miiko. Basi nyasi za katikati hupumzika, mizizi ikashika mchanga, samaki wachanga wakapata pa kujificha, na ile hewa ya ukaa iliyofukiwa chini ya nyasi kwa miaka mingi ikabaki ilipo. Siku hiyo huenda papa hakugusa kitu. Alipita tu.

Nilipoelewa hilo nilikumbuka wazee wa zamani, wale ambao kikohozi chao kikisikika tu uani, watoto waliokuwa wakivutana nguo waliachana na mmoja akaanza kufagia. Mzee hakumpiga mtu. Huenda hakuwa hata amesikia ugomvi. Alikohoa kwa sababu ya tumbaku. Ila nyumba ilikuwa imejipanga kuzunguka kule kuwapo kwake, na alipokufa ndipo ilipoonekana ni vitu vingapi vilikuwa vimesimama kwa kikohozi kile. Tuna maneno mawili kwa jambo hili, hofu na heshima, na tunapenda kuyatenganisha, la kwanza baya na la pili jema. Baharini sioni mpaka wake uko wapi.

Na paka akiondoka, panya hutawala. Karibu na Cape Town, katika ghuba ya False Bay, papa weupe walikuwa wakiwinda sili kwa kishindo hadi wakaruka juu ya maji. Kuanzia mwaka 2017, upande wa Gansbaai, mizoga yao ilianza kuokotwa ufukweni, imefunguliwa kifuani kwa ustadi, ini halipo. Wafanyao hivyo ni nyangumi wauaji, na wawili wamejulikana zaidi kwa mapezi yao ya mgongoni yaliyolala, mmoja kushoto na mwingine kulia, wakapewa majina ya kibaharia ya pande hizo, Port na Starboard. Kama papa wa False Bay waliwakimbia hao au walimalizwa na nyavu na ndoana zetu, mabishano yanaendelea. Kilichofuata hakina mabishano mengi. Utafiti ulioongozwa na Neil Hammerschlag, uliochapishwa mwaka 2025 na kutegemea kumbukumbu za zaidi ya miaka ishirini, unaeleza kwamba sili waliongezeka, papa wa aina nyingine aliyekuwa akijificha akaanza kuonekana waziwazi, na samaki wadogo wanaoliwa na hao wawili wakapungua. Aliyeondoka ni mmoja, na msukosuko ukashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa vidagaa.

Ini hilo watu wa pwani yetu wamelijua siku nyingi. Papa hana kibofu cha hewa. Anaelea kwa msaada wa ini kubwa lililojaa mafuta. Mafundi wa majahazi waliyapika mafuta hayo wakapaka mbao zisinywe maji, na jina la mafuta hayo ni sifa. Lugha iliyompa fisadi jina la papa ndiyo hiyohiyo iliyoyaita mafuta ya ini lake sifa, na majahazi yaliyopakwa sifa ndiyo yaliyoshuka na kaskazi kutoka Oman na Hadhramaut, shehena yake ikiwa tende, chumvi na papa mkavu. Bibi yangu alimloweka papa huyo tangu usiku, akamchemsha na kumwaga maji yenye ukali wa mkojo, akamchambua ngozi kwa vidole, kisha akamuunga kwa tui zito na ndimu. Nimekula, nimeomba tena, na sitakikana chakula kile. Bibi alimpima papa kwa mizani ya shaba, robo kilo, na robo hiyo ilitulisha watu saba.

Ndiyo maana siwezi kumnyooshea kidole mvuvi wa ngalawa. Kati ya mwaka 1970 na 2018, papa na taa wa bahari kuu walipungua duniani kwa asilimia 71, na walioongoza kuwapunguza ni meli zenye mishipi ya maili nyingi, kwa ajili ya nyama, mafuta na mapezi yanayochemshwa supu kwenye karamu za mbali. Mvuvi wetu amebakiziwa kilichobakia. Zamani jarife lilitegwa nje, penye kina, likaleta papa wa kubebwa na watu wanne. Siku hizi wengi wanalitega ndani, mle mle mama alimoacha wanawe, kwa sababu nje hakuna kitu na mafuta ya injini hayanunuliki. Ni yule kasa aliyekonda, aliyeingia katikati ya malisho kwa kuwa pembeni amekwisha kukosa. Najua hivyo, na bado ninasema kwamba kumvua mtoto mwenye kitovu kibichi ni kosa. Aina kadhaa za papa nyundo zimewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kiumbe anayehitaji zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa hawezi kulipa deni la mtoto wa juzi.

Fungu lile lilichukuliwa na mama mmoja mchuuzi kwa shilingi elfu kumi na tano. Aliwaweka kwenye ndoo ya bluu, vichwa juu, akafunika kwa kanga kuukuu. Mchana vipande vyao vilikuwa vimeshakaangwa, na aliyevinunua alikuwa anakula chakula chake cha haki.

Ombi langu si kwake. Ni kwako unayesoma haya, ambaye unaweza kununua kibua leo na changu kesho bila nyumba kulala njaa, na ni kwa mahoteli na mabaa yanayochukua samaki kwa tenga. Kamati za wavuvi za ufukweni zinaweza kukubaliana ghuba zipi zisitegwe jarife katika miezi ya kuzaa. Nyingine zimeshafunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa na kuyafungua wakavuna vizuri, kwa hiyo si jambo geni. Lakini dalali husikiliza bei kuliko anavyosikiliza kikao. Ukienda Feri, au Malindi kule Unguja, ukakuta papa mdogo mezani, mgeuze chali utazame kati ya mapezi ya kifuani. Kitovu kikiwa wazi, usimnunue, na mwambie dalali sababu.